Jengo la umma likija mtaani kwenu: jinsi ya kuingia kwenye maamuzi kabla kokoto hazijamwagwa

Watu wengi wa Dar wanaanza kuuliza maswali kuhusu jengo la umma siku lori la kokoto likishamwaga mzigo, na siku hiyo kusema ukweli ushachelewa, manake mpaka lori linafika kuna makaratasi mengi yameshapita, mkutano ushafanyika, mchoro ushagongwa muhuri, hela ishatengwa, na kila ofisi utakayogonga watakwambia mama hilo lilishapitishwa. Nimekaa serikali ya mtaa kama mjumbe, nimekaa na kamati ya ujenzi, na nachokiona kila mara ni kwamba haya maamuzi yanafanyika mapema sana, tena mengine kwenye vikao ambavyo una haki kabisa ya kuingia ila huendi. Kwa hiyo naandika jinsi ya kulifuatilia toka mwanzo, iwe zahanati, shule, soko, ofisi ya kata, kituo cha polisi, chochote cha umma.

Anza kwa kujua uko halmashauri gani. Usicheke, hapa ndo watu wanapoteza muda wao mwingi. Dar ina halmashauri tano, Jiji la Dar es Salaam ambalo ndo Ilala ya zamani, halafu manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Toka Februari 2021 ile Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya zote ilivunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji, lakini mpaka leo kuna mtu anakaa Mbezi Luis anapeleka barua Jiji akidhani ndo wakubwa wa wote, wakati Mbezi Luis iko Ubungo na Jiji hawana la kumsaidia. Goba ni Ubungo, Bunju ni Kinondoni, Chanika ni Jiji, Mbagala ni Temeke, Kibada ni Kigamboni. Na kwa Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 mamlaka ya upangaji ni halmashauri, sio mwenyekiti wa mtaa, sio diwani peke yake, sio mkuu wa wilaya. Mwenyekiti akikwambia "mimi nimeshaamua hapa panajengwa ofisi" mwambie kwa heshima kabisa, sawa mwenyekiti, ila tunaomba kuona mchoro.

Mchoro wenyewe ndo huu. Eneo lililopangwa lina mchoro wa mipangomiji, wengi wanauita TP, unaoonyesha kila kiwanja na matumizi yake, hapa makazi, hapa biashara, hapa shule, hapa zahanati, hapa eneo la wazi, hapa makaburi. Baada ya TP inakuja ramani ya upimaji yenye mawe ya mipaka, yale mawe yenye namba yaliyofukiwa kwenye kona za kiwanja. Nenda idara ya ardhi na mipangomiji ya halmashauri yako asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, ukiwa na jina la mtaa, na kama unaijua namba ya kitalu na kiwanja kabisa. Salimia vizuri halafu sema moja kwa moja, "Afisa, naomba kuona mchoro wa kitalu fulani mtaa fulani, nataka kujua kiwanja kilicho nyuma ya msikiti kimepangwa matumizi gani." Usiseme nimekuja kulalamika. Ukisema unalalamika utaambiwa kaa hapo usubiri, ukisema unataka kujua matumizi ya kiwanja hilo ni swali la kazi yake ya kila siku na atafungua. Angalia vitu vitatu, matumizi yaliyoandikwa, namba ya mchoro, na tarehe ya kuidhinishwa. Andika vyote kwenye daftari. Namba ya mchoro usiiache kwa sababu barua yako ya baadae ikiwa na namba hiyo itachukuliwa kwa uzito, ikiwa haina itaitwa barua ya majungu.

Kama mnakaa sehemu ambayo haikupangwa, na Dar zaidi ya nusu ya watu tunakaa huko, hapo pana ugumu wake. Huku nyumba zilitangulia ramani ikafuata nyuma. Jiji hili limekuwa na mpango kabambe wa 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979, halafu pakapita miaka mingi sana bila mpango mpya mpaka huu wa 2016 hadi 2036, na kwenye hilo pengo ndo Kimara, Mbagala, Tandale, Gongo la Mboto zikajaa watu bila mtu kuacha nafasi ya shule. Kwa hiyo huko kwenu kikitafutwa kiwanja cha zahanati kinapatikana kwa njia mbili tu, kununua kwa mtu ama kutumia kale kauwanja kalikobaki. Kama urasimishaji, yaani ile kazi ya kupanga na kupima maeneo yaliyojengwa bila ramani, bado haujakamilika kwenu, hapo ndo pa kusimama imara, dai kwamba kabla ramani haijafungwa maeneo ya huduma yatengwe na yaandikwe kwenye mchoro. Ni kazi ngumu, kila mtu anataka kiwanja chake kitoke kamili na barabara ipite kwa jirani, lakini kikao kimoja cha ubishi sasa hivi ni afadhali kuliko watoto kuvuka Morogoro Road kwenda shule miaka yote.

Sasa kale kauwanja. Hili naliongelea kwa kirefu kwa sababu linaniuma. Mtaa mzima una uwanja mmoja wa mpira, watoto wanacheza jioni, wakina mama wanafanya vikao vya vikoba chini ya mwembe, misiba inakaa pale, halafu inakuja hela ya jengo na kila kiongozi anaangalia pale kwa sababu hapana fidia ya kulipa. Wanasema ni kwa faida ya wananchi, na kweli ofisi ya kata ni faida, lakini eneo likiwa limepangwa kama eneo la wazi haliwi ofisi kwa maneno ya mkutanoni tu. Ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na mabadiliko ya matumizi yana utaratibu wake, yanaombwa, yanatangazwa, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa pingamizi, yanapita kwenye kikao cha halmashauri, na hilo linafanyika iwe mwombaji ni mtu binafsi anataka kujenga petroli stesheni ama ni serikali yenyewe. Ukiona bango dogo limesimamishwa kwenye kiwanja limeandikwa kusudio la kubadili matumizi, lipige picha hapohapo na lisome mpaka mwisho, kuna tarehe ya mwisho ya pingamizi na wapi pa kupeleka. Watu wengi wanalipita hilo bango kila siku wakidhani ni tangazo la kuuza kiwanja. Na kama hapana bango na kazi inaanza, hilo lenyewe ndo swali lako la kwanza kwa afisa mipangomiji: matumizi ya hapa yamebadilishwa lini na kikao gani?

Tuje kwenye mkutano mkuu wa mtaa. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea anaingia, mpangaji na mwenye nyumba, usikubali kuambiwa wapangaji hawahusiki. Viongozi waliopo wamechaguliwa Novemba 27, 2024 na wanakaa miaka mitano, kwa hiyo ndo hao mtakaoenda nao kwenye miradi mingi ijayo, wajue na wakujue. Mkutano unatangazwa kwa kipaza sauti juu ya pikipiki, kwa karatasi kwenye mlango wa ofisi na siku hizi kwa grupu la wasapu. Ukifika watu ni wachache, mvua imetishia, mwenyekiti anasoma agenda haraka haraka, na agenda ya eneo la ujenzi mara nyingi inakuwa ya mwisho ama inaingia kwenye mengineyo wakati nusu ya watu washaondoka. Kaa mpaka mengineyo.

Na ukikaa, kazi yako kubwa ni muhtasari. Hakuna karatasi yenye nguvu kuliko muhtasari wa mkutano wa mtaa kwenye mambo haya. Huko halmashauri hawakujui wewe wala hawakujua mlivyobishana, wanachokiona ni fotokopi ya muhtasari imeandikwa "wananchi kwa pamoja waliridhia eneo hilo litumike", na nyuma yake orodha ya mahudhurio yenye majina na sahihi. Sasa angalia inavyokuwa. Mnaingia mnapitishiwa kaunta buku, unaandika jina, namba ya simu, unasaini, unafikiri ni mahudhurio tu. Yale mahudhurio ndo yanayobandikwa kwenye maamuzi, jina lako linakuwa ushahidi kwamba uliridhia hata kama ulisimama ukapinga mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo ukipinga kitu sema kwa sauti "naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba kuna wananchi hawajaridhia na sababu zao ni hizi", rudia mpaka mtendaji, ambaye ndo katibu, aandike. Mkutano unaofuata muhtasari wa nyuma unasomwa na kuthibitishwa, nenda usikilize kama maneno yapo. Kama hayapo hapo ndo pa kusahihisha, sio nje kwenye kijiwe. Mtaani kwetu lilishatokea hili, muhtasari ukasomwa na sehemu ya waliopinga haipo, akasimama mzee mmoja aliyekuwa ameandika yake mwenyewe kwenye karatasi na tarehe, akasoma mstari kwa mstari, na wale waliokuwepo wakaitikia kweli mzee, ikabidi pasahihishwe palepale mbele ya watu.

Baada ya mtaa linapanda kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndo WDC hiyo, diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, wenyeviti wa mitaa wako ndani. Hapa ndo mitaa inashindania mradi, kata ina mitaa mitano na zahanati moja, iende kwa nani. Wewe huingii kupiga kura ila mwenyekiti wako anaingia, mpe hoja za kubeba, watu wangapi wanatembea mpaka wapi kupata dawa, kiwanja kipo na hakina mgogoro, barabara ya gari la wagonjwa inafika. Mwenyekiti anayeingia WDC mikono mitupu anarudi mikono mitupu.

Halafu halmashauri. Pale wataalamu wanaandaa, kamati ya mipangomiji na mazingira inajadili, kamati ya fedha na uongozi inaangalia hela, baraza la madiwani linapitisha. Baraza linakaa kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza, hauongei ila unasikia diwani wako kasema nini kuhusu mtaa wako, na amini nakwambia diwani akiona watu wa kata yake wamekaa pale nyuma anaongea tofauti. Kuhusu kalenda, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vipaumbele vinakusanywa mitaani miezi ya mwisho wa mwaka, halmashauri inapitisha bajeti yake mwanzoni mwa mwaka, halafu Bunge la bajeti linakaa Aprili mpaka Juni. Maana yake ukitaka shule ya mwaka kesho hoja yako iwe kwenye muhtasari wa Oktoba ama Novemba. Ukianza kupiga kelele Mei unaongelea bajeti ya mwaka mwingine kabisa.

Uliza pia hela inatoka wapi, kwa sababu inabadilisha nani umfuate. Mapato ya ndani fuata mkurugenzi na diwani. Mfuko wa Jimbo fuata ofisi ya mbunge. Mradi wa Benki ya Dunia kama ule wa DMDP, ule wa kuendeleza jiji la Dar, una utaratibu wake wa malalamiko na kamati zake mpaka ngazi ya chini, ulizia nani yuko kwenye hiyo kamati kwenu.

Kuna swali ambalo naona haliulizwi kabisa, kwamba eneo lenyewe linafaa? Machinga Complex pale Ilala lilijengwa jengo zuri kwa mkopo wa NSSF ili wamachinga watoke barabarani, na miaka mingi vizimba vikabaki vitupu juu huko kwa sababu wateja wa machinga wanapita chini barabarani hawapandi ghorofa kununua soksi. Mkiletewa mchoro wa soko jipya waite wauza mboga wenyewe waangalie, wakuambie gari la mzigo la saa tisa usiku litashushia wapi, maji machafu ya samaki yatatokea wapi, kizimba kikiwa nyuma ya choo nani atakuja. Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na fukwe, na kila aliyekuwepo mafuriko ya Desemba 2011 anajua Msimbazi ukichachamaa unafika wapi. Kiwanja kikiwa cha bei rahisi jirani na bonde, waulize wazee wa mtaa maji yalifika usawa gani, waonyeshe ukutani kwa kidole. Miradi mikubwa kama hospitali ama stendi inapaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na NEMC, ofisi ya taifa ya mazingira, wanahusika, na kwenye ile tathmini wananchi mnatakiwa kuhojiwa, kwa hiyo wakija na madodoso msiwakimbie mkidhani ni watu wa kodi.

Kama eneo lina watu, inakuja fidia. Kwa kifupi, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na ndani yake kuna thamani ya ardhi, maendelezo yaani nyumba na miti na vilivyomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi na faida inayopotea kama una biashara. Ikichelewa kupita miezi 6 inapaswa kuja na riba. Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, upigwe picha mbele ya nyumba yako, hesabu vyumba na mashina ya minazi pamoja na mthamini, na usisaini fomu ambayo haijajazwa. Usiache shangazi asaini kwa niaba yako kwa sababu uko kazini.

Ujenzi ukianza bado una kazi. Jengo la serikali nalo linahitaji kibali cha ujenzi na kuna bango la mradi linalotakiwa kusimama pale likionyesha mwenye mradi, mkandarasi, msanifu na mhandisi. Sio urembo. Machi 29, 2013 ghorofa lilianguka mtaa wa Indira Gandhi wakafa watu 36, na Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, kwa hiyo mtu akiuliza mhandisi ni nani asiitwe mkorofi. Madarasa na zahanati nyingi siku hizi zinajengwa kwa force account, yaani fundi wa hapohapo na halmashauri inasimamia, na hapo wananchi wanachagua kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ya mapokezi ndo ngumu na ndo inahitaji mtu asiyechoka. Saruji ikija unahesabu mifuko kabla gari halijaondoka, unaangalia tarehe, nondo unapima unene sio kuangalia kwa macho, unaandika kwenye leja na dereva anasaini. Mkiweka kwenye kamati hiyo mtu anayeona aibu kumwambia dereva "shusha tuhesabu upya" mmekwisha. Na kabla msingi haujafungwa angalieni ramani kama kuna rampu na choo cha mtu mwenye ulemavu, sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, na kuongeza rampu baada ya jengo kuisha ni gharama na mara nyingi haiongezwi.

Mkiona mambo hayaendi sawa, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na mtendaji wa kata. Barua iwe ukurasa mmoja: kiwanja gani, mchoro namba gani, mnaomba nini. Omba kitu kimoja kinachoweza kujibiwa, kwa mfano "tunaomba nakala ya muhtasari wa kikao kilichoidhinisha mabadiliko ya matumizi". Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inampa raia haki ya kuomba taarifa na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wasaini watu kadhaa wa mtaa, sio mmoja, ili isionekane ni ugomvi wa mtu na mwenyekiti. Mkifikiria mahakama jueni mapema kwamba kuishtaki halmashauri kunatanguliwa na notisi ya siku 90 na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, kwa hiyo mtafuteni wakili ama mashirika ya msaada wa kisheria kabla jengo halijafika kwenye lenta. Barua pelekeni masjala kwa mkono, nakala mbili, moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo iliyogongwa piga picha uitume kwenye grupu la mtaa kabla hujapanda daladala kurudi.